Mwiko wa Asali

Kwa miezi kumi na minne Zablon alikuwa amejificha nyuma ya nyuki. Kwa warina asali wa upande wao wa Sikonge, mtu akikaribia kwenda kambini kurina hamgusi mkewe, la sivyo nyuki watamnusa na kumtimua mizingani. Ni mwiko wa siku saba, nane hivi, na wake zao wanaujua na kuuheshimu. Zablon aliuvuta. Siku saba zikawa mwezi, mwezi ukawa msimu, na msimu ulipokwisha akasema nyuki wa mwaka huu ni wakali, bora aendelee kujitunza. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, mwimbaji wa besi katika kwaya ya Moravian, anasingizia wadudu.

Mcheke ukitaka, lakini msikilize kwanza. Nguvu zilimtoka kidogo kidogo. Alianza kusinzia saa nne asubuhi, jua halijakolea. Kifua kikalegea na kujaa, akaacha kuvua shati mbele ya wenzake kambini. Siku moja mzinga ulidondoka ukapasuka, naye akakaa chini akalia kama amefiwa. Na ile hamu iliyokuwa ikimrudisha nyumbani kwa mkewe Recheli mbio mbio ilizimika, hata akijilazimisha.

Alikwenda Tabora mjini kwa siri, akiaga kwamba anapeleka nta. Daktari alimpima damu asubuhi mara mbili, akamwambia homoni zake za kiume zimeshuka sana. Si uchawi, akasema, wala si uzee tu; zipo sababu za kutafuta na matibabu yapo. Arudi Alhamisi na mkewe, maana jambo hili linawahusu wote wawili. Zablon akaitikia vizuri, na alipotoka getini akaapa kwamba hatarudi. Alimwonea aibu hata muuguzi, Flavia, binti wa umri wa mwanawe, aliyemwita kwa majina yote matatu mbele ya wagonjwa.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mimba ya Levina. Mume wa Levina alikuwa kambi moja na Zablon, na nyuki wao ni walewale wakali. Recheli alipomwona Levina kisimani, tumbo limetangulia, alirudi nyumbani na jawabu lake: mwiko umekwisha kwa wenzake wote, kwa hiyo huyu wangu ana mtu. Akamwita Mzee Raymundi, mzee wa kanisa wa mtaa wao, aje awasikilize.

Mzee alifika Jumanne alasiri, akaegesha baiskeli, akaitikia shikamoo zao, akakaa. Recheli alieleza yote bila kupaza sauti. Kisha mzee akamgeukia Zablon, akamuuliza kama ni kweli ana mwanamke nje.

Angeweza kusema ukweli hapo hapo. Maneno yalifika kooni, naye akajiona amesimama kanisani, wenzake wa besi wanamtazama suruali. Maneno yakarudi chini.

"Ni kweli, mzee," akasema. "Nimeteleza."

Tena alipata nafuu, mjinga huyu, hata mabega yakainuka. Mzinzi angalau ni mwanamume.

"Anaitwa nani?" Recheli akauliza.

Hakuwa amejiandaa. Akili yake ilikimbia mpaka Igunga, ikapita Urambo, ikarudi na jina moja tu.

"Flavia."

Recheli alimkazia mumewe macho. Mzee akatangaza kwamba Jumapili atapeleka habari kwenye baraza la wazee, na Zablon ajue atatengwa na Meza ya Bwana na kusimamishwa kwaya. Akawaombea, akapanda baiskeli yake.

Alipokwisha kutoka uani, Recheli aliingia ndani, akarudi na simu ya mumewe.

"Flavia alipiga asubuhi ulipokuwa kwenye mizinga," akasema. "Muuguzi. Alisema Alhamisi uje hujala kitu, na usimsahau mkeo. Nikajua huyo mwanamke wako amekupa ugonjwa. Kumbe mwanamke hayupo."

Basi Zablon akamweleza kila kitu, macho yake yakifuata kuku waliokuwa wakiparua uani. Alingoja acheke. Recheli hakucheka, alilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

"Miezi yote hii najitazama kwenye kioo natafuta nilipochakaa," akasema. "Na leo umenifanya mke aliyeachiwa kitanda kwa ajili ya mwingine, mbele ya mzee, ili wewe ubaki dume."

Zablon aliinuka akatoka mbio kumfuata mzee. Njia ilikuwa mchanga mtupu, pumzi zikamwishia mapema, na kifua kikimtikisika ndani ya shati ikabidi akishike kwa mkono huku anakimbia. Alimkuta mzee ameshuka, anakokota baiskeli.

"Mzee, nimesema uongo. Hakuna mwanamke. Mimi ni mgonjwa. Homoni za kiume zimepungua mwilini, na tangu mwaka jana sijaweza kuwa mume."

Mzee Raymundi alitazama njia mbele na nyuma. Uso wake ulijaa huruma, na alipoanza kusema alisema kwa sauti ya chini.

"Mama amekwisha kunishtakia, mwanangu, na baraza lazima nilipe jibu. Uzinzi watausamehe kwa miezi mitatu, na kwaya itakupokea. Hili la pili watu hawatalisahau. Niache nipeleke lile la kwanza."

Aliyasema kwa wema. Uso wa Zablon ulimwaka moto mpaka masikioni, na kama angekubali mambo yangeishia hapo. Akageuka nyuma. Recheli alikuwa amesimama kwenye ua, simu bado mkononi, anawatazama.

"Peleka la pili," akasema. Sauti ilikuwa imemkauka, ikambidi arudie.