Fahali Asiye na Chama

Jumatatu, umande haujakauka, mwanamke mwenye fulana ya njano aliingia uani kwa Chrispinus kule Shinyalu, akaanza kumpiga picha fahali wake hata hodi hajabisha.

"Huyu ndiye Garimoshi? Jumamosi atapigania Dakta Wesley." Jina lake Abigail, mratibu wa kampeni ya huyo Dakta aliyetaka ubunge. "Mathew, mpinzani wetu wa kijani, naye ana ndume yake. Yetu ikishinda uwanjani, kura tumemaliza."

"Hii ng'ombe haina chama," Chrispinus akajibu. "Mnakujanga kila miaka tano. Tisini na saba mlileta chumvi. Mara ile ingine mkaleta nguzo za stima, kura zikahesabiwa, mkazing'oa. Sasa mmeishiwa na vya kuleta, mnachukua vyetu?"

"Mzee, hiyo ni historia."

"Kwako. Mimi nilibeba hizo nguzo na hii mikono."

Shule aliiacha darasa la sita. Mengine yote aliyasoma kwenye magazeti ya kufungia nyama, na jambo likishaingia kichwani mwake halikutoka tena.

Lakini Abigail hakuja kubahatisha. Alikuwa ametokea kwa Cornelius, kaka mkubwa wa Chrispinus, na Cornelius alikuwa amekubali. Hapo Chrispinus akanaswa. Fahali amemlea yeye tangu ndama, sawa. Ila mama wa huyo fahali aliletwa na mahari ya dada yao Navalayo, na ng'ombe wa mahari, azae mara ngapi, uzao wake ni wa boma zima. Miaka sita hakuna aliyelitaja jambo hilo. Yeye mwenyewe, na kumbukumbu yake yote ile, alikuwa amejifanya kalisahau.

Jumanne alikwenda sokoni, akapanda juu ya kreti la soda, akawataja walaghai uchaguzi baada ya uchaguzi.

"Ongeza sauti, profesa!" vijana wakamshangilia. Kisha likapita gari linalorusha kofia, wakamwacha katikati ya sentensi.

Jumatano alimkuta Garimoshi amevishwa leso ya njano. Akaichana. Alhamisi asubuhi akakuta mbili.

Adhuhuri ile redio ikatangaza: Dakta Wesley amejiondoa, anamuunga mkono Mathew. Chrispinus alicheka mpaka akakohoa.

"Selpher! Wameoana! Sasa mnyama wangu ataachwa apumue."

Mkewe alikuwa akichambua maharagwe. Hakucheka.

"Baba Khalayi, watu wakioana si kunakuwanga na karamu?"

Ijumaa Cornelius alikuja na wazee wawili. Walikaribishwa viti, wakakataa kukaa.

"Ndugu yangu, mapigano yamefutwa, watu wasigawanyike. Hizo ndume mbili zitachinjwa kesho uwanjani, wa njano na wa kijani wakule pamoja."

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini? Boma limekubali."

"Boma ni nani? Nani kati yenu alikesha naye akiwa na kuhara?"

"Navalayo mwenyewe amesema sawa. Nilimpigia simu."

Wazee walitazama miguu yao, wakaondoka.

Jumamosi kulipopambazuka alimfungua Garimoshi, wakashika kijia cha kwenda msituni. Amfiche huko siku mbili tatu, wakubwa wapate tamaa nyingine. Walipita mahindi, wakapita maharagwe, wakafika mashamba ya chai. Miti ilikuwa imebaki hatua mia hivi.

Ndipo isukuti ikalia kule chini uwanjani.

Kwa miaka sita Chrispinus alikuwa amemfundisha mnyama yule maana ya ngoma hiyo: inua kichwa, kuna uwanja, kuna watu wako, nenda ukashinde. Hakuwahi kumfundisha kwamba ngoma hiyo hiyo inaweza kumwita mtu kwenye kisu. Garimoshi akasimama. Masikio yakaenda mbele. Akageuka.

"Si hiyo," Chrispinus akamwambia. "Rudi, baba. Leo si hiyo."

Kamba ikakaza. Alikita visigino kwenye shina la mchai, shina likang'oka. Fahali akateremka kwa mbio za furaha, naye nyuma yake ameng'ang'ania kamba, viganja vinachubuka, anapiga kelele: mwizi, mwizi, mzuieni!

Watu waliojipanga kando ya barabara wakamwona anavyokimbia. Wakadhani ndiye anayemleta. Wakampigia makofi.