Vitabu Vitatu vya Mayai

Usiku wa jana niliota, jambo ambalo si desturi yangu. Nilifundishwa na Mapadre kwamba mtu aliyesali na kunawa miguu hulala kama jiwe, na kwa miaka sabini na minne nimelala hivyo. Ndoto hii naiandika kama ilivyokuwa, bila kuipamba.

Kwanza msomaji aijue kazi yetu. Nyumbani kwangu, nyuma ya misheni, ipo mashine ya kutotoleshea yenye trei kumi na mbili. Watu hutuletea mayai yao, na baada ya siku ishirini na moja hurudi kuchukua vifaranga. Kila yai huandikwa katika vitabu vitatu: cha mapokezi, cha kugeuzwa, na cha makabidhiano, na kila neno la kitabu cha kwanza hunakiliwa katika cha pili na cha tatu. Aliyeweka kanuni hiyo ni mimi. Anayeandika ni binti yangu, Skolastika. Ana miaka thelathini na saba, na ameandika kwa miaka kumi na mmoja.

Jana jioni aliniarifu kwamba chama cha ushirika kule mjini kimemwita kazini, na kwamba angeondoka asubuhi hii, isipokuwa nikubali kibaki kitabu kimoja tu. Nilimjibu kwamba lisiloandikwa halikutokea, na lililoandikwa mara moja limetokea kwa mashaka.

“Kuku hutotoa kwa siku zile zile ishirini na moja, Baba,” alisema, “na sijapata kumwona na penseli.”

Nilimwambia kuku hana wateja. Akaitikia, “Sawa, Baba,” akaenda kukunja nguo zake. Ile “sawa” ndiyo niliyolala nayo.

Basi naona ni mchana mweupe. Nimeketi mezani pa ofisi, na mbele yangu limesimama yai kwa ncha yake nyembamba. Linaniamkia shikamoo. Naitika marahaba, kwa maana adabu ni adabu.

Yai linajitambulisha kuwa ni namba mia mbili na kumi na nne, la Mama Eufrasia, siku ya kumi na mbili. Linaeleza kwamba limelalia ubavu mmoja tangu juzi, kwa kuwa kugeuzwa kwake kumeandikwa katika vitabu viwili tu, na cha tatu hakijafikiwa. Aliyemo ndani ameanza kugandamana na gamba.

“Subiri zamu yako,” naliambia.

“Nasubiri, Mzee. Nilitaka tu ujue kwamba kusubiri kwangu hakumo kitabuni.”

Namwita Skolastika alete kitabu cha tatu. Hakuna anayeitika. Yai linauliza namwita nani. Nasema, binti yangu. Linaniomba radhi na kusema kwamba jina hilo halijulikani ndani ya mashine.

Nafungua kitabu. Yumo Sista Bonifasia na mayai yake arobaini. Yumo Mama Eufrasia. Limo hata yai viza la katekista, pamoja na sababu ya kuviza kwake. Skolastika hayumo. Napekua kurasa za miaka kumi na mmoja, zote za mkono wake, herufi zimelala kidogo upande wa kulia kama nilivyomfundisha, na hayumo.

Kalamu niliyoishika inakohoa.

“Ameandika wote,” inasema. “Hakuna aliyemwandika yeye.”

Ninapoinua macho ili niikanye kalamu, ofisi haipo tena. Nimo darasani, shule ya misheni, chumba cha mwisho kwenye safu, nami nimevaa kaptura. Mbele amesimama Mwalimu Baltazari, ambaye alizikwa mwaka nilioposa. Anaita majina. Wanafunzi wote ni mayai, thelathini kwa kila mstari, na kila moja linaitikia “Nipo” kwa sauti nyembamba. Hakuna linalochelewa.

Skolastika amesimama mlangoni, mfuko begani. Ninapomtazama naiona kengele ya shule iliyo nyuma yake, kupitia kifua chake, kama mtu anavyoona kitu kupitia pazia jepesi.

“Huyu hayumo,” anasema Mwalimu bila kunyanyua macho.

“Ni binti yangu, Mwalimu.”

“Imeandikwa wapi?”

Swali hilo nimewauliza wateja mimi mwenyewe, hasa waliopoteza stakabadhi, na sijapata kumhurumia hata mmoja.

Mwalimu anafafanua kwamba binti anaweza kuandikwa, tena katika vitabu vyote vitatu, mradi nijaze safu ya mwisho: saa alizotumia kuandika. Asipoandikwa kabla ya kengele, atakuwa hakuwahi kuwapo. Analisema hili bila ukali, kama mtu anayetangaza siku ya kufyeka majani.

Namwambia sijui ni saa ngapi. Darasa zima la mayai linacheka, lakini kwa adabu, bila kupasua gamba.

“Nenda stoo ukazitazame,” anasema Mwalimu. “Zote zimehifadhiwa.”

Nageuka, na tayari nipo stoo. Ni ile stoo yangu ya pumba, ila sasa haina ukuta wa mwisho. Trei zimepangwa hadi mahali macho yanapokoma. Mlinzi wake ni mhuri wetu wa ofisi, mnene, ameketi juu ya kigoda na kalio lake limejaa wino wa zambarau. Nauliza saa ziko wapi. Anaonyesha trei kwa kidevu.

Kila saa inafanana na yai, ila ni nyepesi mno. Mhuri ananipa tochi, nami nazipima kama tunavyopima mayai, nikizishika moja moja mbele ya mwanga.

Katika ya kwanza namwona Skolastika ananakili majina ya kitabu cha kwanza katika cha pili, na nje mvua imenyesha, imekoma, imenyesha tena. Katika ya pili anatafuta ukurasa wa mteja aliyesimama na kikapu. Anapoupata, mteja amekwisha kwenda na kikapu chake kwa watu wengine. Katika nyingine anapanda kilima kwa miguu kwenda kuuliza kama saba aliyoiandika ilikuwa moja, na kumbe ilikuwa moja. Katika nyingine kwaya inaimba Pasaka, na kati ya sauti za pili pana nafasi ya mtu mmoja, ambayo waimbaji wameizoea.

Katika nyingine naona shati jeupe lililopigwa pasi. Ni Bwana Anselmi, mpima ardhi, ameketi barazani kwangu, kofia magotini. Skolastika yumo ndani, ananakili. Bwana Anselmi analitazama jua, anavaa kofia, anaondoka. Namkumbuka vema. Alikuja Jumamosi nne mfululizo. Mimi nilidhani anaulizia huduma yetu, nikaagiza aandikwe katika kitabu cha mapokezi. Ikaandikwa: “Anselmi, mpima ardhi, mayai hakuna.”

Namuuliza mhuri saa hizi ni za nani.

“Ulizitumia wewe,” anasema. “Alizitoa yeye.”

Nauliza zitaanguliwa lini.

“Hizi haziatamiwi, Mzee. Weka sahihi hapa, hapa na hapa.”

Ananipa karatasi tatu. Katika maisha yangu sijapata kukataa kutia sahihi mahali panapostahili. Lakini mkono umeganda. Mhuri anasema wengi hugandia hapo hapo, anarudi kwenye kigoda chake.

Nakimbia darasani. Mlangoni Skolastika amebaki kama mvuke wa chai. Navuta kitabu cha kwanza, naandika: Skolastika, binti wa Desideri. Katika safu ya saa naandika “nyingi,” neno ambalo nisingelivumilia kwa mtu mwingine. Naandika polepole, kwa sababu sijui kuandika vinginevyo. Navuta kitabu cha pili. Nyuma yangu mayai yamepanga foleni, na yanakohoa.

“Hatujageuzwa,” linasema la Mama Eufrasia.

Naliambia nimebakiza kitabu kimoja.

“Ndiyo, Mzee. Hata juzi kilibaki kimoja.”

Nasikia ndani yake kitu kinakwaruza gamba, polepole, kama kucha za mgonjwa ukutani. Na kengele inaanza kutikisika, ingawa hakuna aliyeishika. Nina mikono miwili. Mmoja umeshika kalamu, mwingine umeshika kitabu cha tatu. Kwa hakika sijapata kuacha mstari nusu tangu nilipojua kusoma.

Naweka kalamu chini.

Nayageuza mayai kwa viganja vyote viwili, trei baada ya trei. Kila yai tumelitia alama kwa penseli, duara upande mmoja na msalaba upande wa pili. Maduara yote yanakwenda chini, misalaba yote inakuja juu, na hakuna anayeandika chochote. Mayai yana joto. Nilikuwa nimesahau, ni miaka kumi na mmoja sijayashika. Mwalimu Baltazari anatafuta chaki kila mfuko, haipati, kisha anaketi kwenye benchi katikati ya mayai, amekunja mikono kama mwanafunzi.

Kengele inalia. Nageuka kumtazama Skolastika. Anatoka mlangoni, anapita mbele ya meza bila kuulizwa jina, na sakafu inatoa mlio chini ya viatu vyake.

Hapo nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mlango wangu ulikuwa umefungwa kwa komeo kama nilivyouacha. Nilivaa, nikatoka, nikamkuta Skolastika katika chumba cha mashine, mfuko begani, kwani asingeondoka kabla ya kuyageuza mayai ya asubuhi. Hakuwa anayageuza. Alikuwa amevuta trei ya juu na kuitazama tu.

“Baba,” aliniuliza, “nani amegeuza mayai?”

Nikachungulia. Misalaba ilikuwa juu. Tukavuta trei ya pili, na ya tatu, na zote kumi na mbili, misalaba. Akasema jioni aliacha maduara juu, tena ana hakika, kwa sababu ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho na aliyatazama sana. Akaenda kuangalia vitabu. Mstari wa asubuhi ulikuwa mweupe katika vyote. Mzoea kazi haachi, akachukua kalamu, akainamia kitabu cha kugeuzwa.

“Nimwandike nani?”

“Usimwandike mtu,” nilisema.

Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa. Nikamwambia achague kitabu kimoja kibaki, kile kinachomfaa, na kazi yake ikome jua likiwa juu.

“Na viwili vingine, Baba?”

Nilisema kwamba vifaranga wa Sista Bonifasia wanatoka Alhamisi, nao wanahitaji karatasi ya kulalia.

Aliutua mfuko sakafuni, akavuta kigoda, akaketi, akaweka kitabu kimoja kando. Viwili akavipakata, akaanza kuvichana. Alichana kwa utaratibu, kuanzia ukurasa wa kwanza.