Luzerni Isiyolala

Shamba langu la kando ya mto Lukuga ni dogo. Motopompe, pampu yangu ya maji, ikipiga kwa muda wa saa mbili, maji yamefika kote. Kiangazi majani ya huku yote yanakauka, na ng'ombe wangu wanne wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeifungia mvua. Ndiyo maana binti yangu Djamila, anayeishi Ubelgiji mwaka wa kumi na moja sasa, alinitumia kilo mbili za mbegu ya luzerni, majani ya mifugo yanayokatwa na kuota tena.

Kabla ya mbegu alikuwa ananipigia simu sikukuu za Idi tu. Baada ya mbegu akapiga kila Jumapili. "Papa, imeota? Imefika wapi?" Tangu mama yake afariki nyumba yangu ina viti sita na mkaaji mmoja, basi nikaanza kunyoa ndevu kila Jumapili asubuhi. Msinicheke.

Tatizo, mbegu ile ilikuwa mvivu. Kwanza nilijaribu matuta mawili: moja la Djamila, moja la mbegu niliyoletewa kutoka Kigoma. Ya Kigoma nikiikata, baada ya wiki nne imenifika magotini. Ya Djamila ilitambaa chini, ikabaki hapo hapo. Aristote, agronomu wetu, yaani bwana shamba, alishuka kwenye pikipiki, akainama, na hakuhitaji hata dakika moja.

"Papa Maliki, hii ni ya inchi ya baridi. Kule theluji ikikuja inalala, njo vile inapona. Kwetu joto na maji ya motopompe viko mwaka muzima, inalala ya nini? Weka shamba lote ile ya Kigoma."

"Ile haidumu," nikabisha. "Umesema mwenyewe, miaka mitatu, mine, inachoka."

"Kweli, Papa. Lakini ng'ombe wanakula leo."

Alisema kweli, na nilimchukia kwa hilo. Mbegu haikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mtoto aliyezaliwa hapa, aliyeoga Lukuga hii hii, alisimama dukani asikumbuke kwamba kwetu hakuna baridi.

Nikang'oa tuta lake, nikapanda ya Kigoma shamba zima. Lakini Jumapili nimwambie nini? Nikisema ya kwake imeshindwa, tutazungumza habari gani tena? Nikaipiga picha ile ya Kigoma, imesimama, imejaa maua, nikamtumia.

"Njo hiyo, Papa! Nilikuambia!" Alicheka sana. Kisha akasema, "Sasa roho yangu imetulia. Nilikuwa na wasiwasi, njo maana nilikusumbua kila Jumapili."

Jumapili iliyofuata hakupiga. Wala ile nyingine. Nilinyoa ndevu mara tano bure. Ng'ombe walinenepa, maziwa yakazidi hadi nikagawia majirani, nami nikawa mpweke kuliko kabla ya mbegu.

Jumapili ya sita nikamwandikia: "Djamila, mbegu yako haikufaa. Ile ya picha ni ya Kigoma. Nilikudanganya ili uendelee kunipigia. Ng'ombe wote wako muzuri. Mimi njo siko muzuri."

Nikatuma. Nikaweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa, nikawasha motopompe. Muda si muda nikaizima, maana kwa kelele ile nisingeisikia simu ikilia.