Mguu Ulionyamaza

Jumapili, tarehe 9 Juni 2024. Asubuhi hiyo ukungu ulitanda Kitale na baridi ilikuwa kali.

Chepkosgei alivaa viatu bila kukunja uso. Kwa miaka mingi kisukari kilimchoma nyayo kama makaa. Vidonge vya hospitali vilipunguza moto huo, lakini vilimlewesha hata akasinzia akikamua ng'ombe. Tangu aanze kudungwa sindano nyembamba za Kichina, zisizo na dawa ndani, kule Bungoma, alilala vizuri na kuamka mwepesi.

"Mama, sindano zinatuliza tu," Gunjan, aliyemdunga, alikuwa amemwonya. "Vidonge vya sukari usiache. Na mguu ukinyamaza kabisa, kimbia hospitali, usije ukaupoteza."

Lakini siku hiyo Chepkosgei alikuwa atoe ushuhuda, na kanisani kwao aliyeshuhudia kupona hakuonekana tena na dawa. Angeitwa mwenye imani nusu.

Mlangoni mwa kanisa binti yake, Jepkoech, alimshika mkono. "Mama, soksi yako iko na damu."

Alivua kiatu. Msumari ulikuwa umezama kisiginoni, naye hakuwa amesikia chochote.

"Si unaona nimepona? Hata msumari hauniumi."

"Mama, huko si kupona. Twende hospitali."

"Ati niwaambie watu nini?"

Aliung'oa msumari, akarudisha kiatu, akaenda mbele. Nyuma yake sakafu ilibaki na alama nyekundu. Waumini waligeuka kumsikiliza.

"Wapendwa, naahidi mbele za Mungu na mbele yenu: kuanzia leo, vidonge sitameza tena."