Zamu ya Fundi

Mama alipogongwa wayo mara mbili, alivua mpira wa oksijeni puani, akaupitisha juu ya shuka hadi miguuni, kilikokuwa kichwa cha Fundi, mgonjwa mwenzake. Walilala mzungu wa nne, kitanda kimoja, mtungi mmoja. Anayebanwa humgonga mwenzake wayo, naye hutoa. Hakuna aliyewafundisha.

"Mitungi mingine ipo stoo," alisema muuguzi. "Mwenye ufunguo yuko semina."

"Semina ya nini?" binti wa Mama akauliza.

"Ya kuboresha huduma."

Fundi akacheka hadi akakohoa. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, ulimi wake mkali kuliko mkasi wake. "Mwanangu, na hiyo iandike."

Binti alikuwa mwandishi. Wodi hii alishaiandika katika riwaya, mwaka Mama na Fundi walipolazwa humu pamoja mara ya kwanza. Nyumbani kitabu kilidoda. Ughaibuni kilitafsiriwa, na leo simu yake ilikuwa imeleta sifa kutoka jarida moja la fasihi la huko.

"Tusomee basi," alisema Mama, mpira umesharudi puani mwake. "Kwa lugha yetu."

Akasoma huku akifasiri. Kwamba mwandishi huyu ni lulu. Kwamba ubunifu wake unatisha. Kwamba wale wanawake wawili wanaopokezana pumzi kitandani ni sitiari ya ajabu ya upendo.

"Sitiari ndiyo nini?" Fundi aliuliza kutoka miguuni.

"Ni kusema kitu, mama mdogo, huku unamaanisha kingine."

"Loo! Basi mwambie huyo bwana aje, tumpenyeze hapa katikati. Endelea, mwanangu. Tamu hiyo."

Mama alikuwa analia kwa furaha. "Rudia hapo pa lulu."

Binti akarudia. Kwa mara ya kwanza tangu kitabu kitoke, alijiona mwandishi. Akapaza sauti ili hata wa vitanda vya jirani wasikie, akasoma hadi nukta ya mwisho. Wodi ikampigia makofi.

"Fundi, umemsikia mtoto wetu?" Mama aliuliza.

Akainua kichwa, akachungulia miguuni.

"Mbona hukunigonga? Zamu yako imepita zamani!" Akauvua mpira, akausukuma haraka. Haukupokewa. Mkono wa Fundi ulikuwa umelala kando ya wayo wake, kidole kimekunjwa.

"Hakutaka kukukatiza," Mama alisema.

Jioni kitanda kilikuwa na mgonjwa mwingine upande ule ule, msichana aliyetweta kwa hofu. Mama alimshika unyayo. "Ukibanwa, mwanangu, gonga mara mbili. Usione haya. Hata nikiwa nimelala, gonga."

Binti akatoka nje, akakaa sakafuni kwenye varanda. Mhariri wa jarida alikuwa amemwandikia: wasomaji wangependa kujua, wazo lile zuri alilipata wapi?

Aliandika shukrani, akazifuta. Kisha akaandika: "Kitanda cha nne kutoka mlangoni. Mmoja amekufa leo akisikiliza sifa zenu. Mwenye ufunguo bado yuko semina."

Akaituma, akarudi ndani kuhesabu pumzi za Mama.