Siku Makoye Alipokaukiwa na Jasho

Mimi ni mfinyanzi, na mfinyanzi asiyeuliza maswali atauza vyungu vya kuvuja. Tangu usichana wangu nilikuwa najiuliza: kwa nini mtungi mpya hutoa jasho na maji yake yakapoa, lakini ulioingia mafuta hukauka, na maji yake yakawa vuguvugu? Na sisi watu je? Mbona ukilima juani unalowa mwili mzima, halafu ukijigusa shavu ni la baridi? Mama mkwe alinichoka. "Mama Zipora, maswali hayasongi ugali," aliniambia. Nami nikamjibu kwamba kuuliza si ujinga.

Mwaka ule, baada ya mavuno, Wagika na Wagalu walikutana kwetu, nje ya Shinyanga, kushindana kwa ngoma. Makundi yote mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mume wangu Makoye alikuwa manju wa Wagika, yaani ndiye anayeimba na kuwaongoza wenzake. Manju wa Wagalu alikuwa Mihayo, aliyemshinda mwaka uliotangulia, kisha akamtungia wimbo wa kejeli ambao hata wanangu wanaujua. Vijana waliokuwa wakichimba dhahabu Geita waliomba ruhusa waje kuona.

Mganga wetu Ngassa alimpa Makoye dawa na masharti yake: asinywe maji mpaka jua lizame. "Ikishika," alisema, "jasho litakukauka, limhamie Mihayo. Hapo ujue umeshinda."

Jua likapanda. Makoye alicheza na ngozi za mbega mgongoni, jasho likimtiririka mpaka visiginoni. Mara likakatika. Mwili ukawa mkavu kama kigae. Wenzake wakashangilia kwamba dawa imeshika, na kwa kuwa Mihayo kule alikuwa chepechepe, nani angebisha?

Nilibisha mimi. Nilimsogelea nikamshika mkono. Alikuwa wa moto, moto usio wa kawaida. Nikaufikiria ule mtungi ulioziba kwa mafuta: usipotoa jasho, joto lote linabaki ndani.

"Baba Zipora," nikamwita.

Akanitazama kama hanijui, akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Hapo niliogopa kweli.

"Usimguse, utaharibu dawa," Ngassa alifoka.

"Dawa yako itaniachia ujane," nikamwambia. Nikanyakua debe la maji la wapiga ngoma, nikammwagia Makoye kuanzia utosini. Nikamvua zile ngozi, nikamlaza, nikaanza kumpepea kwa kaniki yangu. Wanaume walikuja kunitoa. Mama mkwe, aliyekuwa amelisikia jina la bintiye, akasimama mbele yao na mkongojo wake, wakarudi nyuma.

Mwanamke kumwagia manju maji katikati ya ngoma? Nani alishawahi kuona? Watu wa upande wa pili wakachungulia, kisha wakaja mbio, mpaka Mihayo akabaki anawaimbia wapiga ngoma wake. Ngassa akatangaza kwamba dawa imeshinda. Sikuwa na habari naye. Nilikuwa namwaga, napepea, namwaga tena, huku namwomba Makoye asiniache na watoto.

Ndipo nikaona vitone juu ya mdomo wake. Nikavipangusa, nikidhani ni maji yangu. Vikarudi. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi. Nikaangua kilio mbele ya umati wote ule, wala sikuona haya.