Nguzo Iliyolia Ndani ya Mabati

Mtaani walimwita Makelele, naye hakuchukia. Alikuwa binti msanii wa sanamu, ila hakugusa mti wala udongo. Alichomelea nondo, mabomba na mabati, akavifanya vitoe sauti. Jirani yake alisema karakana ile ni kama chungu cha mawe: kutwa kinapikwa, hakiivi.

Kaka yake, mkandarasi, alipokaribia kumaliza jengo lake la ghorofa, alimwomba apambe ukumbi wa chini kwa ajili ya ufunguzi. Makelele akasimamisha mbavu za nondo kando ya nguzo ya katikati, akatundika mabati membamba, kisha akabandika kidude cha kunasa sauti kwenye zege la nguzo. Kila mtikisiko wa nguzo ulipita kwenye waya ukatokea kwenye mabati.

"Jengo liseme lenyewe," alimwambia kaka yake.

Likasema. Mafundi walipotembea juu, mabati yalinong'ona kama manyunyu.

Asubuhi moja mafundi walikuwa hawajafika, na maji yalikuwa yamefungwa. Makelele alikuwa anafuta vumbi mabati yalipoguna. Mguno mzito, mrefu, kisha ta! kama mfupa mkavu unavyovunjika. Akakagua waya, akakiweka kile kidude kwenye nguzo nyingine: kimya. Akakirudisha: mabati yakaguna tena.

Kaka yake alipokuja, aliweka kiganja kwenye nguzo akasikiliza.

"Zege jipya lina kelele zake," akacheka. "Hata kitanda cha mama kinalia, kimeanguka?"

Lakini mkono aliuondoa haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Kaka, nondo ulizoweka humo ndani ni zipi?"

"Usinifundishe kazi. Na siku ya shughuli, zima hicho kitu."

Siku ya ufunguzi ukumbi ulifurika. Mama yao, katika gauni jipya, alikalishwa mstari wa mbele, hatua chache kutoka kwenye nguzo. Wageni wengine walijazana ghorofani. Makelele akakuta waya umechomolewa. Akauchomeka.

Mabati yalipiga yowe. Ta! Ta! Watu wakapiga makofi, wengine wakamshangilia. Akanyakua kipaza sauti.

"Hii siyo sanaa yangu! Ni nguzo inavunjika. Tokeni nje!"

Wakacheka, wakapiga makofi zaidi. Mgeni mmoja akasema binti huyu anajua kuigiza.

Mama ndiye aliyeinuka. Alimjua mwanawe, sauti ile haikuwa ya mchezo. Akamwendea mkandarasi, akamshika kifundo cha mkono mbele ya watu wote.

"Baba, nitazame. Dada yako anasema uongo?"

Mkandarasi aligeuka kuitazama nguzo. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ukosi.

"Tokeni," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetapika. "Tokeni wote! Walio juu wateremke polepole!"

Wakatoka wakisukumana, viatu vikibaki mlangoni. Wa mwisho alikuwa amevuka barabara sakafu ya juu ilipoketi juu ya nyingine, taratibu, kama mzee anayetafuta kiti. Mabati yalilia mara moja, yakanyamaza. Vumbi likawameza wote. Hakufa mtu.

Mkandarasi alikaa ukingoni mwa mtaro, uso mweupe kwa saruji. Mama alisimama mbali naye kidogo. Hakuwa tayari kumshika tena. Makelele akachuchumaa mbele ya kaka yake.

"Nondo zilikuwa nyembamba?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Na zilezile umezitumia wapi kwingine, kaka?"

Aliinua macho, akatazama juu ya mapaa, hadi mwisho wa mtaa, kwenye ukuta wa njano wa shule. Madarasa ya juu yalikuwa mapya. Kengele ilikuwa inagongwa, na watoto, mamia yao, walisikika wakipanda ngazi.

Makelele alikuwa ameshaanza kukimbia.